Baiskeli Yenye Mguu wa Cherehani

Jumatatu, 18 Machi 1996

Mvua imekatika, matope yamebaki. Hapa Kabiro matope ni mpangaji kama sisi, ila yeye hafukuzwi.

Nimeshinda nikishona majoho ya kwaya. Meupe, kola ya zambarau. Ni ya kanisa letu, kule Mashimoni, Kibera. Rachael, mwenyekiti wa kwaya, ndiye alinipa kitambaa. Yanatakiwa Jumapili ya Matawi. Tena alitangaza mbele ya kina mama wote kwamba atakayevisha kwaya vizuri ndiye atapewa kazi ya kushona sare za chekechea ya kanisa, mwaka baada ya mwaka. Mashimoni watoto hawaishi kuzaliwa. Hiyo ni kazi ya kuzikwa nayo. Ni lazima iende kwa Mama Nalianya. Mama Nalianya ni mimi.

Mjukuu wangu Mourine anajifunza kushona kwangu. Leo amekata uzi tena. Anakanyaga cherehani kama anaua mende. Nimemwambia mpaka ulimi umechoka: kwanza mkono. Vuta gurudumu la juu lije upande wako, ndio miguu ifuate. Ukikanyaga bila mkono, cherehani inarudi nyuma, uzi unakatika. Akasema pole kukhu, ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, nilisahau. Nikamwambia kitu kama hicho husahauliwa na mjinga peke yake. Mimi sijawahi.

Jioni Rachael alipitia hapa. Hakukaa. Alisema Jumamosi nilichelewa kuwapima watu, wengine wakaenda zao. Nikamuuliza kama anajua kutoka Kabiro mpaka Mashimoni kwa goti langu ni safari ya namna gani. Akajibu kwamba Syokau hufika mapema.

Syokau. Fundi wa Riruta Satellite. Ana cherehani ya stima na sauti ya mtu anayeuza dawa ya kikohozi. Anafika mapema kwa sababu kijana wake anambeba kwenye karia ya baiskeli, miguu upande mmoja, kama gunia la kabeji.

Mimi sibebwi. Nitajiendesha.

Jumatano, 20 Machi

Nimeenda kwa Mbuvi, fundi wa baiskeli pale karibu na kisima cha maji ya kuuza. Nikamwambia nataka baiskeli ya mama mwenye heshima. Bila mtalimbo wa katikati. Bila kupanua miguu barabarani. Nataka kukaa magoti pamoja, kama niko kwa cherehani.

Akauliza, sasa shosho, miguu itafanya nini?

Kwanza mimi si shosho wake. Pili, nilimwonyesha. Nilimchorea kwenye karatasi ya unga. Kuandika nilijifunza ngumbaru, darasa la watu wazima, na mwalimu alisema mwandiko wangu una nguvu. Nilimchorea kanyagio la cherehani mahali pa pedali. Kanyagio linasukuma chuma kirefu, chuma kinazungusha lile gurudumu kubwa la chini la cherehani, na mkanda wa ngozi unatoka hapo mpaka gurudumu la nyuma la baiskeli. Kila mtu mwenye macho anaelewa.

Mbuvi alicheka mpaka spana ikamwangukia mguuni. Ilimstahili. Alipomaliza alisema hiyo kitu haitakuwa na friwili, yaani kile kidude cha nyuma kinachoacha gurudumu lizunguke miguu ikiwa imetulia. Alisema, "Shosho, baiskeli ikienda, miguu inaenda. Ukitaka usitake. Hiyo ni noma." Nikamwambia cherehani yangu haijawahi kuwa na friwili na imevisha nusu ya Kabiro, pamoja na yeye hiyo suruali. Miguu ya vijana wa siku hizi inataka kupumzika hata kabla haijachoka.

Akasema basi angalau tuweke cheni, mkanda wa ngozi utateleza. Nikakataa. Cheni ina grisi. Nani ataingia kanisani na grisi kwenye pindo?

Mourine aliniona nikifungua bolti za cherehani. Akauliza majoho yaliyobaki tutashona na nini. Nikamwambia natoa mguu tu, tena wa kuazima kwa siku moja. Mtoto ana maswali kama polisi.

Ijumaa, 22 Machi

Imekamilika. Nyeusi, nzito, nzuri. Mbuvi alikata mtalimbo na kuchomelea kanyagio langu chini. Bado linang'aa pale lilipokanyagwa miaka yote. Nilikaa. Magoti pamoja. Malkia.

Mbuvi alinisukuma kidogo kutoka nyuma, nami nikakanyaga, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Ikaenda. Watoto wa plot zote wakatoka. Mwenye duka la mafuta ya taa akasahau kufunga mfereji wake. Mama mmoja akauliza nashona nini. Nikamwambia nashona barabara.

Kushuka kule chini kulikuwa na jambo dogo. Baiskeli ilipopata kasi, kanyagio lilianza kunikanyaga mimi. Magoti yangu yalipanda na kushuka bila idhini. Ndala ya kushoto ikaruka, ya kulia ikafuata. Mbuvi alikimbia nyuma akipiga kelele nikaze miguu, hiyo ndiyo breki. Nilikaza. Hakuna kilichotokea. Nilisimama kwenye foleni ya maji, katikati ya mitungi, na mitungi mingi ilikuwa mitupu.

Mbuvi anasema haiwezi kusimama. Nikamwuliza, sasa hapa imefanya nini?

Jumanne, 26 Machi

Rachael ametuma neno. Anataka kujua majoho yamefika wapi. Nimejibu kwamba yamefika pazuri.

Hayajafika. Kichwa cha cherehani kiko mezani, hakina mguu. Mourine alisema tung'oe kanyagio kwenye baiskeli, tulirudishe lilipotoka, tumalize kazi. Yaani nibomoe nyumba ili nipate ufagio. Hapana. Nimepindua baiskeli miguu juu, nikafunga kamba ndefu kutoka gurudumu la nyuma mpaka kichwa cha cherehani. Mourine azungushe gurudumu kwa mikono, mimi nishone.

Ikashona. Gurudumu la baiskeli ni kubwa na lile la cherehani ni dogo, kwa hivyo sindano ilikwenda kama mvua ya mabati. Joho la kwanza lilimezwa lote kabla sijakaa sawa. Mkono mmoja umeshonwa ukafungwa kabisa, hauna pa kutolea kiganja. Nimemwekea Okoth wa sauti ya chini. Huyo husimama mstari wa nyuma na hana haja ya mikono miwili kuimba.

Mourine alisema Syokau angefumua arudie. Ndiyo maana Syokau hana baiskeli.

Jumamosi, 30 Machi

Majoho yamekwisha. Nimeyakunja vizuri na kuyafunga kwenye karia.

Nimepanga hivi. Kesho maandamano ya matawi yanaanzia chini, karibu na reli, yanapanda mpaka mlango wa kanisa. Kwaya inasubiri juu mlangoni, ivae hapo hapo, iwapokee waumini kwa wimbo. Wote watatembea kwa miguu. Mimi nitakuwa mbele yao wote kwenye baiskeli, majoho nyuma yangu. Syokau ataniona, na Rachael atamwona Syokau akiniona. Baada ya hapo sare za chekechea hazitahitaji mjadala.

Mourine alinikumbusha kwamba hiyo njia ni mlima. Nikamwambia hata Yerusalemu ni mlima.

Jumapili, 31 Machi. Matawi

Goti limefungwa kitambaa. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta, maana kukaa hakukaliki.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mbuvi alinisukuma kutoka Kabiro, na pale penye magari nilishuka nikaisindikiza kwa mikono. Kufika Mashimoni, maandamano yalikuwa tayari. Pasta, kina mama, watoto, matawi juu. Nikajipanga mbele. Kanisa huko juu, kwaya mlangoni ikiwa na nguo zake za kawaida, Rachael akitazama saa. Na Syokau, ndani ya gauni la maua, ametulia.

Mbuvi alikuja nyuma kunisukuma. Nikamfukuza. Syokau asipate la kusema, ati fundi wa kwaya anasukumwa kama mkokoteni. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Ikaenda nyuma.

Sijui kwa nini. Nilikanyaga zaidi ili isimame, ikarudi zaidi. Mourine alikuwa kando ya njia akipaza sauti, "Mkono, kukhu! Kwanza mkono!" Nilidhani ananishangilia, nikampungia. Usukani ukapata nafasi ya kufanya unavyotaka. Nyuma yangu waumini waligawanyika huku na huku kama Bahari ya Shamu. Niliwaona wakinipita kuelekea mbele, mmoja mmoja. Pasta alinipita. Alinisalimia.

Hapo mkanda ukashika mkono wa joho. Joho la kwanza likaingia, likavuta la pili, la pili likavuta la tatu, yakatoka kwenye karia kama samaki kwenye kamba. Tukaishia mtaroni, mimi, baiskeli na kwaya yote.

Hakuna aliyeumia ila mimi na kanyagio. Kanyagio limepinda. Limepinda vibaya.

Kwaya iliimba na nguo za kawaida. Kutoka mtaroni niliisikia vizuri sana.

Syokau ndiye aliyeshuka. Alisema pole dada yangu, akanipa mkono. Kisha akaanza kuokota majoho, akiyakung'uta moja moja. Akafika lile la Okoth. Akaingiza mkono wake ndani, ukakwama, akalitazama. Akautoa, akalikunja vizuri, akaokota lililofuata. Mtu mwenye heshima angetukana.

Rachael amempa yote. Ayafue, ayafumue, yawe tayari Pasaka. Na sare, amesema, tutaona Pasaka.

Mbuvi alisema ingekuwa na friwili isingerudi nyuma. Mourine alisema ningelisukuma gurudumu kwa mkono kwanza. Kila mtu ni profesa mambo yakishakwisha. Kama Mourine alijua, mbona hakuniambia mapema?

Jumatatu, 8 Aprili

Pasaka imepita. Naandika yote bila uchungu.

Ijumaa Kuu stima ilipotea Satellite nzima. Nilifurahi kwa kiasi, maana ilikuwa siku takatifu. Mchana mlango ukabishwa. Syokau, na majoho kichwani. Alisema cherehani yake imekufa na stima, kola bado, Pasaka ni keshokutwa. Akaomba tushone pamoja kwenye cherehani yangu ya miguu, na kwa Rachael aseme tumefanya wote. Sare pia tugawane.

Alisema hivyo amesimama mlangoni kwangu. Na mimi nimesimama mbele ya cherehani isiyo na mguu.

Nikamwambia mimi sishoni Ijumaa Kuu.

Jioni hiyo mwanangu Nalianya akafika kutoka Bungoma na mzigo umefungwa kwa gunia. Cherehani. Mpya, ya miguu, mguu wa chuma imara. Si yangu. Amemletea binti yake Mourine. Mourine hakungoja hata chai. Aliibeba na baba yake mpaka kwa Syokau, wakashinda Jumamosi yote wakishona. Nilienda kuwachungulia. Kila mara anaanza na mkono. Mkono, miguu. Mkono, miguu. Anajionyesha tu.

Jana kwaya ilivaa. Okoth alipata mikono yote miwili na akaipiga makofi kupita kiasi. Kola ya mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu ilikuwa imelala kidogo upande, nimemwonyesha kila aliyekaa karibu nami. Baada ya ibada Rachael akatangaza: sare za chekechea zitashonwa na Mourine. Syokau akapiga makofi wa kwanza. Mourine alikuja kunikumbatia, akasema kukhu, kazi imerudi nyumbani kwetu, bora tu cherehani iwe salama. Nalianya naye akanitazama kwa muda mrefu, akarudia neno hilo la salama. Sijui alikuwa akimwambia nani.

Leo nimefikiri kwa utulivu. Hakuna baiskeli nyingine Nairobi hii inayoweza kurudi nyuma. Wanaita ni ubovu kwa sababu hawajawahi kuwa nayo. Kosa lilikuwa moja: kanyagio moja haliwezi kazi mbili. Yanatakiwa makanyagio mawili, moja la kwenda na moja la kurudi. Nimemchorea Mbuvi. Hakucheka safari hii, alikaa chini. Halafu nimegundua, kwa akili yangu mwenyewe, kwamba mkanda wa ngozi unateleza. Inatakiwa cheni.

Mourine ameenda Mashimoni kupima watoto. Kabla ya kutoka ameifunga cherehani yake kwenye mguu wa kitanda kwa cheni kuukuu ya baiskeli na kufuli, ati wezi ni wengi Kabiro.

Nimeikagua hiyo cheni. Ni nzima kabisa, haina hata kutu. Na Mbuvi ana msumeno.