Kumlinda Mwewe wa Wazo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Miezi kumi na minne tangu nitoke Tukuyu. Mgongo unasema ni zaidi.

Leo kaja Madam Adelina, mtaalamu wa ndege. Kumbe ghorofa ya saba ya jengo tunalojenga hapa Wazo, Dar, upande usiopigwa plasta, kuna kozi wawili na vifaranga vyao. Kozi ni mwewe aliyesomeshwa, basi. Watu wazima wamesimama kwenye tope la saruji wanawatazama kwa darubini, wananong'ona kama wako msibani.

Madam anataka mtu wa kukaa na daftari, aandike ndege kaja saa ngapi na kaleta nini. Tarehe 18 gari lake linapanda Mbeya kuhesabu ndege wa huko. Mtu huyo ataondoka naye.

Mbeya. Kutoka hapo, nyumbani naweza kwenda hata kwa mguu. Tarehe 24 binti yangu Tusajigwe anapata kipaimara, na msimamizi wetu Gozbert kaninyima ruhusa mara tatu. Nikamwambia Madam mwewe nawajua tangu utotoni. Kweli tupu. Nilikuwa nawafukuza wasibebe vifaranga vya mama. Hilo hakuuliza.

Mashaka, tunayebeba naye zege, naye alinyoosha kidole. Ana kidato cha nne, mie niliishia cha pili. Nimechaguliwa mie. Elimu yake akabebee zege.

Jumatano, 6 Agosti
Kazi ya kukaa. Nimegeuza ndoo kuwa kiti. Mashaka kila akipita na karai kichwani ananiamkia: shikamoo bwana mifugo. Simjibu. Niko kazini.

Ndege wenyewe hawana jipya. Mke anakaa. Mume analeta njiwa asiye na kichwa, anatupa, anaondoka bila salamu. Nina shemeji wa hivyo. Saa tano usingizi ukanichukua. Nilipoamka saa kumi nikajaza daftari kwa akili: saa sita njiwa, saa saba njiwa, saa nane njiwa. Nikaona njiwa wamezidi. Saa tisa nikaweka kibua mmoja, kubadilisha mboga.

Alhamisi, 7 Agosti
Madam kasoma. Akauliza, kwa upole wa mng'oa meno, huyo kibua alikuwa mzima au kipande. Mzima, nikasema. Akasema ana miaka kumi na minane kwenye kazi hii na hajaona kozi kaleta samaki. Nikamweleza kuwa hawa ni wa Dar, wana mambo yao. Mashaka alicheka mpaka akatua karai.

Nimepewa nafasi ya mwisho. Kesho, mbele ya wageni wake.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Mafundi wote wamepumzika, mie macho makavu tangu alfajiri. Nimeandika ukweli mtupu: njiwa mmoja tu. Saa tatu wageni wakafika, sita, na kofia za jua. Gozbert naye kavaa shati la kanisani, anawaeleza habari za ndege ambaye jana alitaka ashushwe kwa mti.

Mama Naima, anayetupikia, anafuga kuku pembeni ya uzio. Saa tatu na nusu yule kozi mke akaruka, akakunja mbawa, akashuka kama tofali. Kuku wakapiga kelele.

Sikufikiri. Kwetu mtoto akimwona mwewe akanyamaza, anachapwa. Nikashtukia niko wima, nagonga karai kwa koleo, napiga ukelele wa mama yangu. Mama Naima akadakia na sufuria. Jirani wa pili na beseni. Mtaa mzima ukaitika, na hakuna kabila lililouliza kuna nini.

Kumbe alikuwa anamfuata njiwa. Kuku hakuwatazama hata. Alitokomea upande wa Bunju na mumewe, na hawakurudi mpaka saa kumi. Vifaranga vilishinda njaa. Wageni walipiga picha moja tu, yangu na karai. Madam hakugomba. Alinyoosha mkono nikampa daftari. Kesho analishika Mashaka.

Jumapili, 10 Agosti
Nimempigia mke wangu Bupe, nikamweleza yote. Akasema: baba Tusa, si ulipewa kazi ya kukaa? Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumatatu, 18 Agosti
Gari limeondoka. Mashaka, mtu wa Lindi, asiye na hata shangazi Mbeya, kakaa mbele. Aliniuliza kama kweli kuna baridi. Nikasema hakuna.

Kisha nikampa viatu vyeupe vya Tusajigwe, na koti langu. Kasema atavifikisha mwenyewe, na ataingia mpaka kanisani, Mwislamu yule, anipigie picha. Bwana mifugo, akaniita, na safari hii hakucheka. Nilimwambia afunge kioo, vumbi.

Mchana nimeona bundi kahamia juu ya ofisi ya Gozbert. Kwetu bundi akitua tu anapigwa mawe mpaka ahame kata. Nimempigia Madam, nikamwambia bundi nawajua tangu utotoni. Kasema atafikiria.

Nyumbani wanitarajie Krismasi.