Jogoo Hayumo kwenye Jedwali

Jumatatu, 6 Oktoba
Bi Ofelia, mkuu wa chekechea yetu hapa Laredo, Texas, mpakani na Meksiko, katangaza: Ijumaa anakagua darasa la lugha mbili. Tuko walimu wawili, atabaki mmoja. Mwingine anahamia chumba cha wachanga. Nepi! Mimi, Rigoberto Cantú, ninayevaa tai kazini! Haki ya Mungu siendi.

Mwenzangu Perla Zamarripa hana mpango wowote. Kiingereza, akichoka Kihispania, mara vyote kwa pumzi moja. Watoto wanampenda, sijui kwa nini. Mimi nina jedwali kwenye kompyuta: siku, lugha, somo, mwalimu, vitu vya kuletwa kutoka nyumbani. Kila safu na rangi yake. Huwa nalitazama nikila.

Jumanne, 7 Oktoba
Jedwali ni letu sote, ila Perla halifungui kamwe. Basi nimejihamishia vitamu vyote: ngoma, vikaragosi, zamu za uwanjani. Yeye nimemwachia kunawa mikono. Kwa lugha zote mbili!

Jumatano, 8 Oktoba
Balaa. Kalifungua. Kaniuliza mbele ya wapishi: mwalimu wangu, mbona mimi ni kunawa tu wiki nzima, kwani nanuka? Wapishi hoi kwa kicheko. Nikasema kompyuta imekosea. Akasema kumbe kompyuta nayo ina roho mbaya.

Nikakimbilia kuficha ushahidi. Nimelipanga upya kwa alfabeti, mtu asijue nani alikuwa na nini. Papo hapo Bi Ofelia akalituma kwenye simu za wazazi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Moyo hautulii. Nimezunguka korido mpaka mlinzi kaniuliza kama natafuta choo. Nimelifungua tena. Mama yangu! Jana nilipanga safu moja tu, ya vitu vya kuletwa. Nyingine zimebaki palepale. Kifungua kinywa cha pamoja, kesho: leteni mnyama wa kufugwa. Somo la wanyama wa nyumbani: leteni tamale, chakula cha unga wa mahindi.

Nirekebishe? Watajua ni mimi. Tena nani husoma ujumbe wa shule? Hakuna.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wamesoma.

Bibi yake Nayeli, mtoto wa darasa letu, kaja na jogoo kikapuni, kanuna. Kamlea mwenyewe tangu kifaranga, leo tunataka kumla! Jogoo kachomoka. Mimi juu ya meza, nasoma jedwali kwa sauti, kwa Kiingereza, maana ni siku ya Kiingereza. Perla kamdaka, kawauliza watoto huyu nani. Gallo! Rooster! Hata Beto, ambaye hajafungua mdomo tangu shule ianze, kapiga kelele kwa lugha zote mbili. Bi Ofelia kafuta chozi. Mimi pia. Manyoya yale.

Kisha Perla kasema, eti wazo la jogoo ni la kaka Rigoberto. Kaniokoa! Heri ningenyamaza tu. Lakini Bi Ofelia kasifu kwamba kumbe naweza kufundisha bila mpango. Bila mpango? Mimi? Nikafungua nakala ya jedwali niliyoihifadhi Jumanne, nikamwonyesha: jogoo hayumo! Akalisoma taratibu. Akauliza mbona Perla ni kunawa tu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Chumba cha wachanga. Perla kaniletea mkate mtamu, kasema usijali kaka, watakuzoea. Ananihurumia! Nimekataa, kisha nimeula.

Kosa nimelijua. Safu zilikuwa chache. Jedwali jipya: jina, nepi, saa ya kulia, lugha ya kubembelezewa. Leo Kiingereza, kesho Kihispania.

Asubuhi wamelia wote kwa pamoja, kwa lugha isiyokuwemo. Nimeiongezea safu.