Mwewe Hasubiri Marahaba

Ubishi wa siku ile ulianzia kwenye simu ya Godwin. Pale kijiweni kwetu Elerai tunamwita Bando, kwa kuwa anaweza kukosa nauli, hela ya kahawa na hata sabuni, ila bando la intaneti hakosi. Aliinyanyua simu juu, akatangaza:

"Oya, wazee! Dunia imetuacha! Majeshi ya mataifa makubwa yanaunganisha mitambo ya kuzuia ndege na makombora. Rada ya huyu, kombora la yule, kompyuta ya yule mwingine, vyote vinaongea lugha moja. Mfumo wazi! Anayeona si lazima awe ndiye anayepiga!"

"Mfumo ukiwa wazi, adui naye si anaingia?" aliuliza Mzee Lesian. Huyu ndiye Babu Antena. Ana urefu wa kuinama kwenye kila mlango, na macho yake yanaona mbuzi akiwa bado Olmotonyi. "Mimi boma langu silali nalo wazi, yero." Yero kwake ni kila kijana.

"Si wazi ya geti, Babu," akadakia Frederick, fundi simu. "Unakumbuka zamani kila simu na chaja yake? Ikizima, unazunguka mtaa mzima kuulizia pini. Akaja kobe, ile chaja ya kubana betri yoyote. Kobe haulizi betri imezaliwa wapi, unaibana tu, inachaji. Basi na hao wametengeneza kobe la makombora."

Huyu naye, kwa sababu ya mahubiri hayo ya kila siku, tunamwita Kobe.

"Yaani wamekula mabilioni ili wagundue kobe?" nikauliza. Mimi wananiita Ndimu. Eti uso wangu hata nikifurahi unaonekana nimelamba kitu kichachu.

"Ndimu, wewe ungekuwepo siku ya uumbaji ungeuliza risiti!" alisema Bando.

Tukiwa tunacheka, Mama Anneth akatoka jikoni na debe la mahindi kichwani. Kahawa tunayokunywa ni yake, meza ya maandazi ni yake, uwanja ni wake, na benchi ni lake.

"Makombora mnazuia," alisema, "mwewe amewashinda. Sharti la hilo benchi mnalijua. Mnakaa bure, mnalinda vifaranga. Juzi mmoja kabebwa mkibishana kuhusu penalti. Jana mwingine, mkibishana kama yule wa juzi alibebwa au alipotea. Sasa naenda mashineni. Nikirudi nikakuta amepungua hata mmoja, benchi napasua kuni. Mungu ananiona."

Akaondoka. Kicheko kilikatika hapo hapo. Wenzangu sijui, ila mimi roho iliniuma kwelikweli. Duniani kote benchi lile ndilo mahali pekee ambapo nikisema neno watu watatu wananijibu. Nyumbani kwangu hata redio hainijibu.

"Wanangu, Mungu ametupa mtihani na majibu siku moja," Bando alisema. "Tuunganishe mitambo! Babu ana macho, Kobe ana manati, Ndimu ana... Ndimu una nini?"

"Nina hasira."

"Shika mfuniko wa sufuria. Ukimwona mwewe, hupigi mfuniko ovyo. Unatoa taarifa kwa kamanda. Kamanda anaamua, mimi napeleka amri, Kobe anafyatua."

"Si tulikuwa tunarusha tu jiwe?" nikasema.

"Ndiyo maana tumefiwa mara mbili! Kila mtu na jiwe lake, hakuna mawasiliano."

Kamanda akawa Babu Antena, maana mbele ya mvi huwezi kupiga kura. Na yeye hapo hapo akatoa sheria.

"Taarifa bila salamu siipokei. Mtu anayekuja kwako anaropoka bila kusalimia, huyo ni mwizi au ni kichaa."

Bando nusura ambusu. "Umesikia, Kobe? Hata huko wanafanya hivyo hivyo! Mtambo lazima ujue kwanza huyu ni mwenzetu au adui. Babu, wewe ni injinia uliyepotea malishoni!"

Basi tukakaa kwenye vituo vyetu. Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu, anga jeupe. Kuku mweusi alikuwa anaparura majani makavu na vifaranga wake. Kando yake walikuwepo wale wa jirani, vifaranga walioanguliwa na mashine, ambao mama hawamjui, pamoja na bata mmoja asiye na mwenyewe.

Nikamwona. Alikuwa juu ya nguzo ya umeme, anageuza shingo taratibu, anachagua.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Babu, mwewe..."

"Mama mzazi hajambo? Lile goti?"

"Goti linaendelea vizuri, Babu, mwewe yuko kwenye..."

"Dawa anakunywa?"

"Anakunywa! Babu, ameruka!"

"Ng'ombe hawajambo?"

"Sina ng'ombe!"

"Uuu, pole sana, yero," alisema kwa huzuni ya dhati. Kisha akamgeukia Bando. "Mwambie Kobe apige."

"Kobe, mambo vipi?"

"Poa."

"Poa si salamu, mfumo unaikataa. Mambo vipi?"

"Salama basi! Nipige wapi?"

"Subiri, nawe uniulize mimi!"

Kuku hakumuuliza mtu. Alitoa mlio mmoja tu, kwaaa, na kufumba na kufumbua wote walikuwa wameingia chini ya benchi letu. Wanawe waliingia, wa mashine wakaingia, hata bata aliinamisha shingo akaingia. Kobe akafyatua kwa kuchelewa, jiwe likapasua birika la kahawa. Mwewe alipokosa kifaranga hakutaka kuondoka mikono mitupu. Akachukua andazi mkononi mwa kamanda, akaenda zake.

Kahawa ikawa inatiririka.

"Wote wapo!" Bando akapiga kelele. "Hakuna aliyepungua! Mfumo umefanya kazi!"

"Umefanya," ilisema sauti ya Mama Anneth kutoka getini. "Nimefika hapa mkiwa bado kwenye goti la mama yake Ndimu."

Hakutupa nafasi ya kujitetea. Alituinua, akaligeuza benchi miguu juu, akalizungushia wavu, akamswaga kuku na wanawe ndani.

"Kuni si ulisema wakipungua?" nikalalamika, maana vifaranga hawakupungua.

"Sijapasua. Anayelinda ndiye anayekaa."

Siku hizi kahawa tunakunywa tumesimama, na birika jipya tumechangia. Bando anasema mfumo ulihitaji marekebisho madogo tu. Jana alikuwa anayaeleza hayo marekebisho, kivuli kikapita juu ya uwanja, kuku akalia kwaaa, na kabla mtu hajamsalimia mtu, wote wanne tulikuwa chini ya meza ya maandazi. Babu Antena ndiye aliyefika wa kwanza.

Kilikuwa kindege cha watalii, kinashuka uwanja wa ndege wa Kisongo.

Mama Anneth aliinama akatuchungulia. "Haya," alisema, "sasa ndiyo mmeunganishwa."