Vita vya Kiti cha Karani Mkuu

Enyi mlioketi na mliosimama, wekeni vikombe chini mnisikilize, niwasimulie vita vilivyopiganwa Ijumaa sebuleni mwa watu, navyo vilianza kwa mlio wa kisu juu ya ubao wa jikoni, tk, tk, tk, kabla hapajapambazuka. Shujaa wetu alikuwa akiandaa silaha: maini ya kuchemsha, vipande vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ndiye mjukuu wangu, Mwokozi wa Vifaranga, Mfunga Vidonda vya Paka, ambaye akiwa na miaka sita alilala stoo na kondoo mgonjwa ili kondoo asiogope giza, na ambaye sasa ametundika kibao getini: NAFUNDISHA MBWA.

Kwa miezi miwili kibao kile kilisomwa na upepo. Ndipo baba yake, ambaye ni mwanangu, Sultani wa Misumari na Bawaba, akatoa hukumu mezani.

"Umepata mteja mmoja. Mbwa wake akishuka kitini kabla ya saa sita, sitasema tena. Asiposhuka, Jumatatu uko dukani kwangu, nyuma ya kaunta."

"Nimesikia, baba."

"Na bibi yako asikusaidie."

"Mimi nabeba mkoba tu," nikasema.

Basi tukatoka, jeshi la watu wawili na mkoba mmoja, tukavuka barabara mbili na mtaro, hata tukafika kwa karani mkuu mstaafu, mzee aliyefiwa na mke miaka mingi iliyopita, aliyetufungulia mlango akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Nyuma yake, juu ya kiti pekee chenye mito, alitamalaki adui: mbwa wa kahawia, mnene, jina la utani Mheshimiwa, aliyekiteka kiti kile kwa muda wa miezi minane bila kumwaga tone la damu. Mwenye nyumba alikuwa akikalia kigoda cha kufulia. Hata hivyo niliona ameweka kitambaa laini pale mbwa anapoegemeza kidevu.

"Mwamrishe mwenyewe kwanza, babu, nione," akasema mjukuu wangu.

Karani akakohoa. "Mheshimiwa. Kwa kuzingatia mazungumzo yetu ya jana, na bila kuathiri uhusiano wetu mzuri, unaombwa, nafasi itakaporuhusu, kulifikiria suala la kushuka."

Mheshimiwa akalifikiria, macho ameyafumba.

"Kila siku unamwambia hivyo?"

"Siku nyingine huwa na viambatisho."

Shujaa akaweka ini sakafuni, hatua moja kutoka kitini. Mbwa akalitazama, kisha akamtazama bwana wake, na bwana wake, kwa moyo safi, akaliokota na kumpelekea mdomoni. Likawekwa la pili, likaokotwa. La tatu nalo.

"Namrahisishia tu," karani akajitetea.

Saa ya ukutani ilisema tano na nusu, nami nikaanza kuiona ile kaunta, na mjukuu wangu nyuma yake akipima misumari. Yeye hakutetereka. Aliweka ini la nne sakafuni, akamwelekea mzee, akasema kwa upole:

"Babu, mbwa wako hana shida. Leo nakufundisha wewe. Sema neno moja, shuka. Halafu nyamaza. Usubiri."

"Neno moja? Bila salamu?"

"Bila salamu."

"Atanionaje?"

"Atakuelewa."

Jueni, wasikilizaji, kwamba miaka thelathini na mmoja ofisini, mkono wa mtu huyu haukuwahi kutoa barua isiyofika ukurasa wa pili.

"Shuka," akasema, "kwa maana ya..."

Kidole cha shujaa kikainuka. Karani akameza viambatisho vyake.

"Shuka."

Kimya kikatanda, kimya kizito kama cha majeshi mawili yanayotazamana. Karani alikalia mikono yake. Mheshimiwa akafumbua jicho moja, akingoja yaliyobaki, nayo hayakuja. Akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, kisha tumbo lote likafuata kama gunia la viazi, na ini likawa lake kwa haki.

Yaandikwe basi, na waambiwe watakaozaliwa: saa tano na dakika hamsini, kiti kilikombolewa. Karani akakikalia polepole, kama mgeni. Mbwa akaja akamwekea kidevu juu ya kiatu.

Akaomba kalamu amwandikie Sultani ushahidi, nami nikajiandaa kungoja hadi jioni. Akaandika: "Mbwa ameshuka." Akatia sahihi. Mwanangu alipoipokea karatasi ile aliigeuza nyuma kutafuta mengine, hakuyaona, akasema, "Haya, basi," akaendelea kula.

Lakini tulipokuwa bado mlangoni kwa karani, mimi na mkoba wangu mtupu, yule mzee alitusindikiza hadi kizingiti. Nikamwona anavuta pumzi ndefu, ile ya kurasa mbili.

"Rudini," akasema.

Kisha akanyamaza, akasubiri.