Anon ya Waingereza na Mama Mkwe wa Didas

Habari iliyowasha moto Jumamosi ile, kwa Bertin, kinyozi wa mtaa wa Schaerbeek huko ughaibuni, ilitoka kwenye simu ya Abdulkarim, mwalimu wa Kiingereza ambaye kijiweni anaitwa Kamusi. Eti Waingereza fulani wanapiga kura kufufua neno walilolizika zamani.

"Anon," Kamusi akasoma. "Mwanzo lilimaanisha papo hapo. Baadaye likawa punde. Siku hizi wakilitaja kwa utani ni lini sijui, Mungu akipenda."

"Attends, ngoja kwanza," Bertin akasema, mashine ikinguruma kichwani kwa Didas. "Nani aliharibisha hiyo neno?"

"Watu wenyewe. Bwana anaita, mtumishi anajibu anon, halafu haji. Karne nzima. Wasikiaji wakazoea, neno likalegea."

"Donc, kumbe ile mutumishi ilikuwa Didas."

Didas, au Waziri kwa jinsi anavyofika sherehe ikiwa katikati, hakucheka. Mama mkwe wake alikuwa anakuja leo kutoka Ujerumani, alikokuwa kwa binti yake mkubwa. Mama huyo hakuwahi kumkubali. Tangu posa alisema kijana hana umakini. Leo Didas alitaka ampokee stesheni ya Gare du Nord akiwa amenyoa, ameng'ara, ili yaishe.

"Train ni quinze heures, saa tisa, si ulisema?" Bertin akauliza. "Imeshapita."

"Mke wangu Severina akisema saa tisa, ujue ni saa kumi. Ananiwekea saa moja ya uongo ili niwahi. Na mimi naitoa."

"Alors munadanganyanaka mu nyumba?"

"Tunaelewana. Ndiyo ndoa hiyo."

"Huo ndio ugonjwa ulioliua anon," Kamusi akasema, miwani ikimshuka puani. "Siku mkeo akisema kweli utajuaje?"

"Hawezi, bwana. Hata saa ya harusi yetu alinidanganya."

"Na bado ulichelewa," Kamusi akamkumbusha.

Simu ikaita. Didas akaiweka kwenye spika, kwa maringo.

"Baba, uko wapi?" Ni Severina.

"Niko njiani, mke wangu. Nafika sasa hivi."

Bertin akazima mashine haraka, lakini ilikwisha kusikika.

"Njia gani hiyo yenye mashine ya kunyolea?"

"Si treni ni saa kumi?"

"Nilikwambia saa tisa. Ni mama yangu, Didas. Ningemchezea mama yangu kwenye baridi hii?"

Didas akainuka nusu kitini. Alimwonea mama wa watu huruma, kisha akajionea mwenyewe zaidi. "Naruka sasa hivi."

"Usiruke. Mama anasema unyolewe vizuri. Hakukuona stesheni, akampigia Florent, yule jirani wa chini, naye kamfuata na gari, kambebea masanduku mpaka juu. Sasa wako mezani wanakula ile ndizi niliyokuwekea." Severina akashusha sauti. "Na mama ananiuliza kama huyo kijana Florent ameoa."

Didas alitoka mbio, nusu ya kichwa ina nywele, kitambaa cha Bertin bado shingoni.