Kibanda Namba 41

Jumatatu, 6 Machi 1995
Kambini, ng'ambo ya Kituntu. Karani mwenzangu Gaudiosus, mwenyeji wa Bugene, huandika jina la mlezi kando ya kila mtoto. Karatasi inalia kwa marudio! Mimi nimechora majedwali mawili: la walezi, la watoto. Kiungo ni namba ya kibanda. Majina yetu Wanyarwanda hayafuatani. Mama ana lake, mwana ana lake. Gaudiosus akauliza, na watu wakihama je, mzee wangu? Nikamjibu kwamba mimi ni mkimbizi tangu 1961, sijaona kinachodumu kama kibanda cha muda. Akarudi kwenye daftari lake. Ushindi!

Jumanne, 7 Machi
Amekuja Mukakalisa, aliyepotezana na mwanawe darajani walipovuka mpaka. Nikatafuta: Harerimana, miaka sita, kovu kwenye nyusi, kibanda 41. Dakika moja! Sikumwambia. Alhamisi mkuu wa kambi anakagua. Acha aone majedwali yakimrudisha mtoto. Ukarani mkuu ni wangu. Nikamwambia mama arudi Alhamisi. Akasema amengoja miezi kumi, siku mbili atazimudu.

Jumatano, 8 Machi
Mvua ya mawe mchana. Vibanda vya bondeni vimesombwa, watu wake wamehamishiwa mlimani, namba zinaanzia 300. Nimefuta za zamani kwenye jedwali la walezi, nikaandika mpya, kwa mwandiko safi. La watoto nimeliacha. Watoto ni wale wale.
Ofisi imeazima majedwali, ipate orodha ya watoto wasio na mlezi. Malori yanawachukua alfajiri kwenda vituo vya yatima. Wameazima yangu, si daftari la Gaudiosus!

Alhamisi, 9 Machi
Nilitangulia, mkuu nyuma yangu, Mukakalisa nyuma yake. Tulitafuta 41. Mzee Theoneste, akimenya ndizi, akasema 41 imekufa maji, kama tunapenda matanga tukae. Watu wakacheka. Mukakalisa hakucheka.
Gaudiosus akafungua daftari lake: Harerimana, kwa bibi Nyiransabimana. Tukamkuta bibi mlangoni, mikono mitupu. Akasema alimshika mtoto mguu akipandishwa lori, wenye malori wakamwambia kitabu hakimjui. Namba 41 haikuwa na mlezi. Malori yalikuwa matatu, vituo vitatu, na hakuna aliyeandika nani alipanda lipi.
Mukakalisa akaniuliza kama Jumanne nilijua. Nikasema majedwali yalikuwa hayajakamilika.

Jumapili, 12 Machi
Mukakalisa anakaa nje ya ofisi tangu juzi. Hali chakula. Gaudiosus anashauri kila mtoto apewe namba yake mwenyewe, aende nayo popote. Nimemweleza, kwa upole, kwamba hajui ukimbizi. Ninachora jedwali la tatu, la kuwatafuta waliochukuliwa. Kiungo ni namba ya lori.