Vita Vikuu vya Théodore na Chafya Moja

Sogezeni viti, enyi watu wa Bunia, wa mitaa ya Mudzipela na Bankoko, fungeni maredio yenu, mpate kuhadithiwa jinsi Théodore, simba wa Kiingereza, mwenye koti lisilovuliwa hata juani, alivyopigana na adui aliyepiga kambi ndani ya pua yake mwenyewe!

Ilikuwa miaka ile bunduki zimenyamaza na hakuna aliyethubutu kuuliza zimelazwa wapi. Wageni wenye magari meupe walitaka mkalimani mmoja, nao walimwomba Madame Kavira, aliyefundisha Kiingereza katika ukumbi wa parokia, awachagulie. Théodore alikwisha kuivaa kazi hiyo moyoni kama taji. Wenzake darasani aliwaona mavumbi.

Siku hiyo Madame aliandika ubaoni *suppress*, yaani kuzuia kilicho ndani kisitoke: kicheko, miayo, hasira, chafya.

"Kila mutu atanipa sentensi moja," alisema. "Mwenye ya muzuri, ni yeye nitatuma."

Théodore akasimama kabla hajaitwa. "Madame, siye wanaume wa kweli, neno hili liko ndani ya damu yetu! Kitu nikikikatalia kutoka, hakitoki!"

Hapo hapo, nyuma ya dirisha, Mama Agathe, mpishi wa parokia, akaanza kutwanga pilipili kavu. Vumbi likaingia kama jeshi lisilotangaza vita. Théodore akaihisi chafya ikijipanga puani, ikisonga, ikirudi kwa hila, ikisonga tena. Aipige, baada ya maneno yale? Afadhali kufa! Akakaza taya, akabana mbavu, machozi yakamtiririka.

"Monsieur Théodore, sentensi yako iko wapi?"

Shujaa akaziba kinywa kwa kiganja. Angefungua kinywa, ngome ingeanguka.

Ndipo Séphora, muuza vitenge, akapiga chafya iliyotikisa madawati, akajifuta pua, na kwa Kiingereza kilichonyooka, akilitumia neno lile la ubaoni, akasema kwamba alijaribu kuizuia, ikamshinda.

"Voilà!" Madame akapiga meza. "Weye Séphora, utaenda."

Darasa likashangilia. Théodore alibaki wima, amevimba mashavu, mpaka adui akanywea na kufa bila kaburi.

Nyumbani mkewe, Ketsia, akamuuliza, "Wamekupatia kazi?"

"Mama, unauliza kazi? Leo chafya ilitaka kutoka, nikaikatalia! Wengine ilibashinda, mimi hapana!"

Ketsia akarudi kusonga bugali.

Basi na iandikwe katika tarikhi ya Ituri, wasomewe watu wa Fataki na wa Kpandroma: siku Bunia ilipopata mkalimani, Théodore alipata ushindi, na pua yake, hadi jua lilipozama, ilikuwa imevimba kwa utukufu.